Simba Aliyeng'ata Bila Kuuma: Maisha ya David Livingstone

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea, hebu tazama kidole chako cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kama kimenyooka, mshukuru Mola wako. Changu kimepinda kama ndoana ya kuvulia samaki, na nitakwenda nacho hivyo hivyo mpaka mwisho wa maisha yangu. Kidole hiki ndicho kilichonipeleka kwenye hadithi ya David Livingstone. Katika somo la Historia sisi humsoma haraka haraka, tukaandika tarehe zake daftarini, basi, tukaenda zetu mapumzikoni. Kumbe mtu huyu ana somo jingine mkononi mwake, na namaanisha mkononi hasa.

Ilikuwa muhula wa pili mwaka jana. Tulikuwa tukicheza na shule jirani, nami nilikuwa golikipa. Mabao yalikuwa moja kwa moja, na dakika zimebaki kama ishirini hivi, wakapewa penalti. Nilijirusha upande wa kushoto, nikaupangua mpira, mkono ukagonga mwamba wa goli. Wenzangu walinirukia kwa furaha. Sikusikia uchungu wowote, wallahi. Nilicheza mpaka kipenga cha mwisho. Nilipovua glavu ndipo nikaona kidole kimevimba kama gunzi la hindi, na papo hapo kikaanza kupwita.

Sasa, mimi nilikuwa nimetoka jandoni mwaka uliotangulia, na huku kwetu Bonde la Ufa kila mvulana anajua alichofundishwa: mwanamume halii. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani mkono ukiwa mfukoni. Nikala kwa mkono mmoja. Siku tisa nilificha. Baba aliponipeleka hospitalini, daktari alisema mfupa umeshaanza kuunga vibaya, na kwamba siku ile ya kwanza ingetosha kijiti na bendeji tu.

Mwalimu wetu wa Biolojia alipokiona kidole hakunikaripia. Aliniuliza tu kama nimewahi kusikia habari za mkono wa kushoto wa Livingstone. Nikasema la. Akanituma maktaba. Haya nitakayoeleza ndiyo niliyorudi nayo.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Uskoti. Kwao hawakuwa na kitu. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine, anasoma sentensi moja, anaunga nyuzi zilizokatika, anarudi kusoma nyingine. Sisi tunaolalamika kwamba maandalio ya jioni ni marefu, tujionee haya kidogo!

Mwaka 1836 alikwenda Glasgow kusomea udaktari, na mwaka 1840 akapata cheti chake. Hapa nataka msomaji ashike jambo moja. Wakati ule hakukuwa na dawa ya usingizi ya upasuaji. Mgonjwa aliyekatwa mguu alishikiliwa na wanaume wenye nguvu huku macho yake yakiona kila kitu, na daktari hodari alikuwa yule mwenye mkono mwepesi wa kumaliza upesi. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, mwezi wa Oktoba 1846. Klorofomu ikafuata mwaka 1847, ilipotumiwa na James Young Simpson kule Edinburgh. Kwa hiyo Livingstone alihitimu katika dunia ambayo uchungu wa kisu ulikuwa ni wa kuvumilia tu.

Aliwasili Afrika Kusini mwaka 1841 akiwa mmisionari. Mwaka 1844 alikuwa akiishi Mabotsa, mahali ambapo simba walikuwa wakivamia mifugo ya wanakijiji. Watu waliamini kwamba akiuawa simba mmoja wengine watahama. Wakatoka kwenda kuwasaka. Livingstone alimwona mmoja nyuma ya kichaka, akafyatua risasi zote mbili za bunduki yake. Risasi zilimpata, lakini simba hakuanguka. Wakati Livingstone akishindilia risasi nyingine, simba aliruka, akamkamata mkono wa kushoto karibu na bega, wakaanguka chini wote wawili. Akamtikisa jinsi mbwa anavyomtikisa panya.

Na hapa ndipo penye ajabu. Livingstone alikuja kueleza kwamba hakusikia uchungu. Hata hofu hakuwa nayo. Alikuwa kama mtu aliye katika ndoto, ingawa alijua kila kilichokuwa kikitendeka, hata aliweza kumtazama yule mnyama. Alijifananisha na wagonjwa waliopewa klorofomu kiasi, ambao huuona upasuaji lakini kisu hawakisikii.

Aliyemwokoa alikuwa mwalimu Mwafrika aitwaye Mebalwe. Alijaribu kufyatua bunduki yake, ikakataa kulia. Simba akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumng'ata paja. Mtu mwingine akaja na mkuki, naye akang'atwa bega. Ndipo zile risasi za kwanza zikafanya kazi yake, simba akaanguka akafa. Mfupa wa juu wa mkono wa Livingstone ulikuwa umesagika vipande vipande, na meno ya simba yalikuwa yameacha majeraha 11. Daktari mwingine hakuwapo karibu, kwa hiyo ilimbidi asimamie mwenyewe kuungwa kwa mfupa wake. Uchungu uliokataa kuja wakati wa simba sasa ulikuja na kukaa. Mkono ulipona vibaya, mfupa ukabaki na kiungo cha uongo mahali pasipo na kiungo.

Je, ilikuwaje mtu atafunwe na simba asisikie? Mwalimu alinieleza hivi, nami nilielewa, kwa hiyo hata aliye Kidato cha Kwanza ataelewa.

Chini ya ngozi yetu kumejaa ncha za neva. Nyingine hupokea mguso mwororo kama wa unyoya, nyingine mgandamizo na mtetemeko, nyingine joto, nyingine baridi, na nyingine kazi yao ni kupiga kamsa tu mwili unapodhuriwa. Habari za mguso hukimbia katika neva kwa kasi ya kama meta 35 hadi 75 kwa sekunde moja. Uchungu mkali wa kuchoma huja polepole zaidi, kama meta 5 hadi 30. Uchungu ule mzito wa kuwanga ni wa mwisho, hutembea kama meta moja tu kwa sekunde, karibu sawa na mtu anayetembea sokoni. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye jiwe unajua kwanza kwamba umegusa kitu, halafu unasikia mkato mkali, halafu ndipo unakuja ule uchungu wa kukukalisha chini.

Ncha hizi zina mengi ya kuchekesha. Mwanasayansi David Julius wa Marekani alitumia kile kinachofanya pilipili iwe kali, akagundua kipokezi cha neva kinachotambua joto la kuunguza. Pilipili hukichokoza kipokezi hicho hicho, na ndiyo sababu ukila pilipili ulimi unasema moto, moto, na moto haupo! Mwenzake, Ardem Patapoutian, aligundua vipokezi vya mgandamizo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Lakini habari kufika si lazima kusikika. Habari nyingi hupitia kwenye uti wa mgongo kabla ya kupanda ubongoni. Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba hapo pana kitu kama lango. Mimi hulifikiria kama mlango wa matatu ya kwenda Njoro saa za jioni. Abiria wa mguso wakijazana mlangoni, abiria wa uchungu hubanwa, wengine wakabaki stejini. Ndiyo maana mtoto akigonga kichwa, mama humsugua huku akimwambia pole, na mtoto akanyamaza. Mama hakusoma nadharia ya 1965, lakini analijua lango.

Tena ubongo wenyewe unaweza kutuma amri kutoka juu kwamba lango lifungwe. Mwaka 1975, kule Aberdeen, John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kwamba ubongo hutengeneza kemikali zake wenyewe zinazofanya kazi kama afyuni. Na Aberdeen iko wapi? Uskoti ile ile alikozaliwa Livingstone! Wanasayansi wengi wa leo wangesema kwamba hilo ndilo lililompata chini ya simba. Hatari ilipokuwa kubwa kupita kiasi, ubongo uliona kwamba kulia hakutamsaidia, ukafunga lango. Yeye Livingstone aliamini kwamba ni rehema ya Muumba kwa wanyama wote wanaowindwa. Sioni kama maelezo haya mawili yanagombana.

Nami na kidole changu, katika ile penalti, nilikuwa na simba wangu mdogo.

Ila tusidanganyike. Kutosikia uchungu si kutoumia. Ukoma hutufundisha hilo. Ugonjwa huu huharibu neva za mikono na miguu, mgonjwa akashika sufuria ya moto asijue, akakanyaga msumari asijue, na majeraha yasiyosikika ndiyo yanayomlemaza. Uchungu ni askari wa usiku. Anasumbua kwa kelele zake, lakini nyumba isiyo na askari huibiwa.

Turudi kwa Livingstone. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat. Mwaka 1855 aliyafikia maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo wenyeji walikuwa wakiyajua tangu zamani. Kufikia 1856 alikuwa amelivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, na kitabu alichokitoa mwaka 1857, chenye kisa cha simba ndani yake, kilimpa sifa kubwa. Lakini sehemu ya maisha yake inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki ilianza mwaka 1866, alipofika Unguja na kisha kuingia bara kutafuta chanzo cha Mto Nili na kuchunguza biashara ya watumwa.

Januari 1867 mambo yaliharibika. Mpagazi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa. Livingstone aliona kama aliyehukumiwa kifo, maana alijua kama daktari maana ya kusafiri katika nchi ya homa bila dawa. Tangu hapo mwili wake ukawa mali ya maumivu. Mwaka 1870 akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo, vidonda vya miguu vilimlaza kibandani kwa wiki nyingi. Meno yalimsumbua, akawa anayang'oa mwenyewe kwa uzi mgumu. Na fikiria kwamba alikuwa ametokea Unguja, kisiwa cha karafuu, ambayo mafuta yake hutia ganzi jino linalouma!

Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye Mto Lualaba. Siku ya soko, watu wa wafanyabiashara ya watumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Aliyevumilia simba na vidonda hakuweza kuvumilia hili. Aligeuza safari akarudi Ujiji, mgonjwa na hana kitu. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta, mwezi wa Novemba 1871, akiwa na chakula na dawa. Taarifa ya mauaji ya Nyangwe ilipofika Uingereza iliwasha moto. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone hakuisikia habari hiyo. Alikuwa amekufa wiki tano kabla.

Alikufaje? Baada ya kuagana na Stanley mwaka 1872 alirudi kutafuta mto wake, akaingia katika vinamasi vya Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mvua ilikuwa haikatiki. Alikuwa akitokwa na damu tumboni, na mgongo ulimuuma hata akashindwa kukaa juu ya punda. Watu wake wakamtengenezea machela. Kila walipotikisika aliumia, akawaomba wamweke chini kidogo apumzike. Walifika kijiji cha Chitambo mwishoni mwa Aprili. Usiku ule Susi alimsaidia kutafuta kalomeli katika dawa zake. Kalomeli ni dawa ya kuharisha iliyotengenezwa kwa zebaki. Haikuwa ya kutuliza maumivu. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekata roho.

Mbona sasa ubongo haukufunga lango kama siku ya simba? Hili lilinisumbua, nikamrudia mwalimu. Akaniambia kwamba uchungu wa ghafla na uchungu wa kudumu ni vitu viwili. Lile lango la wakati wa hatari ni la muda mfupi, la kumpa mtu nafasi ya kukimbia au kupigana. Ugonjwa wa miezi huwezi kuukimbia. Huko ujasiri hautoshi, hata kwa mtu aliyetafunwa na simba. Huko panatakiwa dawa na watu.

Dawa hakuwa nayo, lakini watu alikuwa nao. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti pale Chitambo. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mmoja wao, Matthew Wellington, aliishi hapa kwetu Kenya mpaka alipofariki Mombasa mwaka 1935.

Mwili ulipofika London mwezi wa Aprili 1874, uso haukutambulika tena. Ni nani angejua kwamba ni yeye kweli? Daktari William Fergusson aliupapasa mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Akakikuta kile kiungo cha uongo alichokiacha simba miaka 30 iliyopita. Basi, ikawa hakika. Tarehe 18 Aprili alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Jeraha ambalo hakulisikia likawa kitambulisho chake.

Siku hizi mambo si kama enzi zake. Aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazozichokoza neva pale penye jeraha. Sindano ya ganzi huzima neva njiani, na ndiyo maana daktari wa meno hahitaji uzi. Mofini, inayotokana na afyuni, hufanya kazi kwenye lango lenyewe na kwenye ubongo, ikitumia milango ile ile ya kemikali walizogundua akina Hughes. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990 kwa ajili ya wagonjwa wa maumivu ya kudumu, na kule Uganda hospisi ya Kampala ilianza mwaka 1993, wakitengeneza mofini ya maji kutokana na unga, ya kunywa, tena kwa bei nafuu. Hapa Nakuru pia tuna hospisi yetu.

Najua kwa sababu ya nyanya yangu. Alikuwa mwanamke shupavu, wa kutafuna magome ya muthiga jino likimuuma na kurudi shambani. Saratani ilipoingia mifupani alinyamaza ili asitutie wasiwasi. Tulidhani hana maumivu. Muuguzi alipokuja alimwomba ayapime kutoka sifuri mpaka kumi. Akasema tisa. Mama aliangua kilio, maana tulikuwa tumekaa naye miezi mizima tukimsifu kwa uvumilivu. Alipewa chupa ya dawa ya maji. Wiki ile alilala usiku kucha, akaomba chai yenye maziwa mengi, na akakicheka kidole changu. Alisema sisi wawili ni wajinga wa ukoo mmoja. Alituacha baada ya miezi minne, lakini miezi hiyo alikuwa nasi kweli, akisimulia, akigombeza, akicheka.

Wahenga walituambia kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Ndugu zangu wavulana wa shule hii, na hasa tuliotoka jandoni majuzi, naomba tulielewe vizuri fundisho tulilopewa. Kuvumilia simba akiwa juu yako ni ushujaa, na tena hapo mwili wenyewe utakusaidia. Simba akishaondoka, tafuta daktari. Na ukimwona mgonjwa nyumbani amenyamaza, usimsifu kwanza. Muulize ni ngapi kati ya kumi.

Mimi nitaendelea kudaka mipira. Lakini siku hizi nikivua glavu, nakagua vidole vyote kumi, kimoja kimoja.

Mwanachama, Chama cha Kiswahili
Kidato cha Tatu